Pawabenki: isome mgongoni kabla ya kulipa, na kabla ya kupanda ndege

Geuza pawabenki yako uitazame mgongoni, kwenye yale maandishi madogo ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasoma. Ukikuta namba iliyoandikwa Wh, kazi yako ni nyepesi. Ukikuta mAh peke yake, kuna hesabu fupi ya kufanya. Ukikuta patupu, au maandishi yamekwanguka kwa kukaa mkobani na funguo, usikitegemee kifaa hicho safarini. Mkaguzi wa uwanja wa ndege anaweza kukizuia hata kama ni kizima na kimejaa chaji, kwa kuwa hana njia nyingine ya kujua kilichomo ndani.

Nasisitiza maandishi haya kwa sababu mambo mawili yamekutana. Tangu mwaka 2025 mashirika mengi ya ndege yamekaza masharti ya pawabenki, na wakati huohuo maduka ya mtandaoni yamejaa pawabenki zenye namba za uongo. Mtu wa Dar, Nairobi au Mombasa aliyeagiza kwa simu huku akifurahia bei, anakuja kuyajua yote mawili siku moja, mbele ya mashine ya ukaguzi, foleni ikimsukuma.

Hesabu yenyewe ni hii. Betri za lithiamu zilizomo ndani ya pawabenki hutoa volti 3.7 hivi. Chukua mAh iliyoandikwa, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa 3.7. Jibu ni Wh, yaani wati-saa, kipimo cha nishati yote iliyohifadhiwa humo. Pawabenki ya 10,000 mAh ina Wh 37. Ya 20,000 ina Wh 74. Ya 27,000 ina Wh 99.9, na ndiyo maana utaona kampuni zinazojali wasafiri zikiishia 26,800 au 27,000 bila kuvuka. Ya 30,000 inafika Wh 111, na ya 50,000 inafika 185.

Kwenye ndege za abiria, mipaka inayotambuliwa karibu kila mahali ni hii: hadi Wh 100 unabeba bila kuomba kibali, kuanzia hapo hadi Wh 160 lazima shirika lako la ndege likubali kwanza, na zisizidi mbili, zaidi ya Wh 160 haipandi ndege ya abiria. Tena, pawabenki huhesabiwa kuwa betri ya akiba, kwa hiyo haiwekwi kamwe kwenye begi linalokwenda sehemu ya mizigo. Inakaa na wewe.

Sasa itazame ile ya 50,000 mAh inayouzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana. Ikiwa maandishi yake ni ya kweli, Wh 185 hazipandi ndege. Ikiwa ni ya uongo, na kwa bei hiyo ni ya uongo, bado haipandi, kwa sababu mkaguzi anasoma kilichoandikwa, hapimi kilichomo. Uongo wa muuzaji unahesabiwa juu yako.

Wapo wanaodhani haya ni masumbufu ya bure, na ningependa waelewe yanakotoka. Ndani ya betri ya lithiamu kuna utando mwembamba unaotenganisha pande mbili. Utando huo ukitoboka, kwa kasoro ya kiwandani, kwa kupondwa au kwa kuchajiwa kupita kiasi, betri huanza kujipasha moto yenyewe. Joto huchochea kemikali zilizomo, kemikali huongeza joto, na mwisho wake ni moshi na moto. Seli moja ikishika huwasha ya jirani. Kwenye tumbo la ndege, sehemu ya mizigo, kuna gesi ya haloni ya kuzimia moto. Haloni huua miali lakini haiipozi betri, hivyo ndani inaendelea kuchemka na moto unaweza kurudi. Ndani ya kabini mambo ni tofauti: mtu anaona moshi mapema, na mhudumu ana kizima moto na maji ya kupozea.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani. Moto ulianza kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, moshi ukajaa hadi chumba cha marubani. Marubani wawili waliokuwa ndani walijaribu kurudi Dubai bila kuona hata vipimo vilivyokuwa mbele yao. Ndege ikaanguka na wote wawili wakafa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likapiga marufuku kusafirisha betri za lithiamu-ioni peke yake kama shehena kwenye ndege za abiria. Kisha tarehe 28 Januari 2025, huko Busan, Korea Kusini, Airbus A321 ya Air Busan ilikuwa ikijiandaa kwenda Hong Kong na watu 176 ndani. Moto ulianzia kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Wote walitoka wakiwa hai, lakini paa la ndege liliungua likafumuka. Wachunguzi wakasema chanzo kinachoelekea zaidi ni pawabenki iliyokuwa kabatini.

Hapo ndipo masharti yalipobadilika mfululizo. Kuanzia tarehe 1 Machi 2025 Korea Kusini iliwataka abiria wakae na pawabenki zao karibu, si kabatini. Mwezi mmoja baadaye Singapore Airlines ilikataza kuzitumia au kuzichaji ndani ya ndege. Tarehe 28 Juni China ikazuia kwenye ndege za ndani ya nchi kila pawabenki isiyo na alama ya usalama ya nchi hiyo, iitwayo 3C. Kuanzia tarehe 1 Oktoba Emirates, ambayo wasafiri wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe huipanda, ikaruhusu pawabenki moja tu kwa kila abiria, isiyofika Wh 100, yenye maandishi yanayosomeka, isiyotumika kuchaji wala kuchajiwa angani, na isiyowekwa kabatini.

Shirika lako huenda lina sharti lake lingine. Lisome kwenye tovuti yao juma lilelile unaposafiri, wala usitegemee alichokwambia rafiki aliyesafiri mwaka jana.

Turudi dukani, kwa sababu vita hivi mtu huvishinda au huvipoteza wakati wa kununua. Ukifungua duka lolote la mtandaoni, iwe Jumia Kenya, AliExpress au ukurasa wa Instagram wa kijana mwenye fremu Kariakoo, usianze na bei wala na picha ya mbele. Tafuta picha ya mgongo wa kifaa. Kama haipo, mwandikie muuzaji: "Naomba picha ya nyuma, maandishi yasomeke." Muuzaji wa kweli atakutumia ndani ya dakika chache. Anayejibu "ni orijino kabisa boss, karibu sana" bila picha, mwache aende zake.

Kwenye picha hiyo tafuta namba mbili. Ya kwanza ni ile kubwa ya tangazo, tuseme 10,000 mAh. Ya pili huandikwa kwa herufi ndogo na huwa chini zaidi, labda 6,000 hivi, pamoja na volti 5. Wanunuzi wengi wakiiona hii ya pili hudhani wameibiwa, kumbe ndiyo dalili ya uaminifu. Betri ya ndani ni ya volti 3.7, lakini waya wa kawaida wa USB unapeleka volti 5; umeme unapopandishwa volti, mAh hupungua, na kiasi fulani hupotea kwa joto. Kwa hiyo pawabenki halisi ya 10,000 mAh itaijaza simu ya 5,000 mAh mara moja na nusu hivi, si mara mbili kamili. Anayekuahidi mbili na zaidi hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Kisha uzito. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa halihitaji utaalamu. Seli ya duara ya aina ya 18650, inayotumika kwenye pawabenki nyingi, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hata ile bora haivuki sana 3,500 mAh. Ili kufika 10,000 unahitaji seli tatu, na ukiongeza gamba na saketi unapata kifaa cha gramu 180 hadi 230 hivi. Cha 20,000 kitakuwa gramu 340 na kuendelea. Maduka mengi ya mtandaoni huandika uzito kwenye maelezo ya bidhaa. Ukiona 30,000 mAh yenye gramu 200, huna haja ya kusoma zaidi. Ila jaribio hili linafanya kazi upande mmoja tu: wepesi unathibitisha uongo, lakini uzito hauthibitishi ukweli. Zimewahi kupasuliwa pawabenki zikakutwa na seli moja kuukuu na mfuko wa mchanga pembeni.

Njia ya kuukata mzizi wa fitina ni kifaa kingine cha bei ndogo kinachopatikana mtandaoni, nacho ni kipimo cha USB. Ni kidude cha urefu wa kidole, chenye kioo kidogo. Unakichomeka kwenye pawabenki, kisha waya wa simu unauchomeka kwenye kidude. Kioo kinakuonyesha volti, ampia na, la maana zaidi, jumla ya Wh zilizopita. Jaza pawabenki mpaka taa zote ziwake, kisha chaji simu na vifaa vingine kupitia kipimo hicho mpaka ijizime. Iliyoandikwa Wh 37 inapaswa kutoa kama 30, na nzuri sana itazidi kidogo. Ikitoa 8, piga picha kioo cha kipimo, irudishe, dai hela yako. Kidude hicho kinunuliwe na watu wa ofisi nzima au chama cha akina mama, kizunguke. Hakichakai upesi, na kitawaokoa wengi.

Kuhusu zile zenye kipande cha sola mgongoni, sitakuwa na upole. Kipande hicho huwa na ukubwa wa kiganja, sentimita 7 kwa 14 hivi. Kwenye jua kali la saa sita kinaweza kutoa kama wati moja na nusu, na kwa kawaida pungufu. Kuijaza pawabenki ya Wh 74 kwa nguvu hiyo kunahitaji zaidi ya wiki nzima ya jua bila wingu, huku betri ya lithiamu ikiokwa juani, kitu ambacho haipaswi kufanyiwa hata saa moja. Ukiishi mahali pasipo umeme, nunua paneli ya kukunja inayojitegemea, iweke juani, na pawabenki uiweke kivulini mwisho wa waya.

Jambo moja zaidi kwa sisi tunaoishi na mgao wa umeme: angalia inavyojaa, si inavyotoa tu. Pawabenki ya Wh 74 inayochajiwa kwa wati 10 inachukua saa nane au zaidi. Umeme ukirudi kwa muda wa saa nne tu usiku, asubuhi utaikuta nusu. Yenye tundu la Type-C linalopokea wati 18 au 20 itakaribia kujaa kwa muda huohuo. Hakikisha na chaja yako ya ukutani inatoa kiasi hicho. Kwa maoni yangu, msafiri wa kawaida anatosheka na 20,000 mAh, Wh 74, yenye Type-C. Inavuka mgao wa siku mbili na haibishaniwi uwanjani.

Ukiagiza mwenyewe kutoka Guangzhou au Yiwu kupitia wakala wa mizigo, mwambie wazi kwamba ndani kuna betri. Atakwambia mzigo uende kwa meli, au kwa ndege kwa bei ya juu, na utaona anakuonea. Hakuonei. Pawabenki zikisafirishwa kama shehena ya anga hupanda ndege za mizigo pekee, tena chaji yake isizidi asilimia 30. Ndiyo maana mpya ikifika huwasha taa moja au mbili kati ya nne. Hiyo si dalili ya kukaa sana stoo. Wapo watakaokushauri uandike "nguo" kwenye karatasi. Tafadhali usifanye hivyo. Mzigo ulioandikwa nguo unaweza kupakiwa ndege ya abiria, chini ya miguu ya watu.

Na bodaboda akileta mzigo uliokubaliana kulipa ukipokea, fungua boksi mbele yake. Soma mgongo. Namba ikitofautiana na ya tangazo, mrudishie akiwa bado hajawasha pikipiki. Usijifariji kwa jina la kampuni peke yake pia: mwezi Juni 2025 Anker, kampuni inayoheshimika, ilitoa wito watu waache kutumia pawabenki zake zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, aina ya PowerCore 10000 yenye namba A1263, kwa sababu ya hatari ya kuwaka. Hiyo A1263 imeandikwa wapi? Kwenye kifaa chenyewe, kwa herufi ndogo. Ukiwa na yoyote ya chapa inayojulikana, andika namba yake ya aina kwenye tovuti ya kampuni uone kama imo kwenye orodha ya zilizotolewa wito kama huo.

Siku ya safari, pawabenki iweke mfuko wa nje wa begi la mkononi, mahali unapoweza kuitoa kwa mkono mmoja. Matundu yake yasiguse sarafu wala funguo. Mfuko mdogo wa plastiki unatosha. Walio Muscat, Dubai au Doha wanaorudi nyumbani na zawadi, hapa ndipo wengi wanapoumia: pawabenki tatu za wadogo zimefungwa katikati ya nguo kwenye sanduku kubwa, sanduku limezungushiwa nailoni mizunguko mingi, kisha mashine inaziona. Sanduku linachanwa, linapekuliwa mbele za watu, na zawadi zinabaki. Kama shirika lako linaruhusu moja, beba moja, na hao wadogo uwanunulie kitu kingine. Betri za akiba za kamera na za droni, pamoja na sigara za umeme, nazo hukaa begi la mkononi.

Kuna mtego mwingine ambao wasafiri wa ndani ya Afrika Mashariki hukutana nao kuliko wengine. Ndege zetu nyingi za safari fupi ni ndogo. Kwenye ATR, makabati yakijaa, mhudumu anaweza kuchukua begi lako la mkononi mlangoni ili liende nyuma na mizigo. Kwenye Cessna Caravan za kwenda Zanzibar, Mafia au mbugani hakuna kabati kabisa. Begi lako hutiwa kwenye kisanduku kirefu kilichofungwa chini ya tumbo la ndege, ambako hakuna binadamu wa kuona moshi. Mtu anayepakia ana haraka na hatakuuliza. Wewe mwenyewe, kabla hujamkabidhi begi, toa pawabenki uitie mfukoni.

Wafanyabiashara wanaokwenda China wakumbuke ile alama ya 3C. Utaingia nchini bila shida na pawabenki uliyoinunua Kariakoo, kisha utazuiwa nayo unapopanda ndege ya ndani, tuseme Guangzhou kwenda Yiwu. Alama yenyewe ni herufi C tatu ndani ya umbo la yai. Kama yako haina, nunua hukohuko yenye alama, na uangalie Wh zake kabla ya kulipa.

Ukishakaa kwenye kiti, iweke mfuko wa kiti cha mbele au chini ya kiti hicho. Simu ikikuponyoka ikaingia kwenye uwazi wa kiti, usibonyeze kitufe cha kulaza kiti na usisogeze chochote, mwite mhudumu. Simu nyingi zimepondwa na vyuma vya viti na kuwaka kwa njia hiyo. Na ikitokea pawabenki, yako au ya jirani, imeanza kuwa ya moto isivyo kawaida, kuvimba au kutoa harufu kali, usione haya na usijaribu kuificha. Ita mhudumu papo hapo. Usiifunike kwa blanketi wala usiirundikie barafu, kwani vyote viwili huzuia joto kutoka. Maji ya kawaida, au kinywaji chochote kisicho na kileo, ndiyo hupoza.

Nyumbani matunzo yake ni machache. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, si Mombasa, si Muscat. Usiichaji juu ya godoro au chini ya mto. Ukiihifadhi muda mrefu, iache na nusu ya chaji.

Ikivimba, imekwisha. Usimpelekee fundi aitoboe kuondoa hewa, usiichaji "mara ya mwisho", na usipande nayo ndege hata ikiwa bado inafanya kazi. Usiitupe kwenye jaa ambalo jioni huchomwa moto, maana watoto ndio wanaocheza karibu. Ziba matundu yake kwa tepu, itie kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, uliweke nje mbali na ukuta wa nyumba mpaka upate pa kuipeleka. Kwa walio Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki. Kwingineko, uliza duka la kampuni ya simu yako kama wanapokea betri kuukuu kabla hujatoka nayo nyumbani.